Kibaba cha Kimya

Kimya kimegawanywa, na safari hii tumepata. Usinipongeze. Nimekasirika, na nakwambia mapema ili usije ukangoja nikusimulie kwa sauti ya upole. Wewe unayenisoma labda unatoka katika miji ile ambayo mtu akifa amekufa: watu wanalia, wanazika, wanakula wali, wanatawanyika. Hongera zenu. Kwetu sisi mtu hahesabiwi kuwa amekufa mpaka mji ukubali kunyamaza kwa ajili yake, na mji wetu haunyamazi bure.

Asubuhi moja jengo la vioo katikati ya mji lilipasuka. Waliolipasua walikuja na gari, na mpaka leo hatujui walitaka kutuambia nini, kwa kuwa wote waliokuwa karibu kiasi cha kusikia hawapo. Asubuhi hiyo tunaiita Jana. Watoto waliozaliwa baada yake wameota ndevu, na bado mtu akisema Jana hakuna anayeuliza ipi. Saa ya mnara wa posta ilisimama pale pale. Fundi akipanda kuitengeneza, mishale inamponyoka inarudi ilipokuwa. Hata jua likifika juu ya paa la soko husitasita kidogo kabla ya kupita. Wageni hushangaa, sisi tumezoea.

Sasa kimya. Kimya chetu hupimwa. Mbele ya vifusi vya jengo lile pamejengwa Jukwaa, na juu ya Jukwaa anakaa Mpimaji, na mbele ya Mpimaji kuna pishi na kibaba, vipimo vile vile vya nafaka vya bibi zetu, ila hivi vimepakwa rangi ya dhahabu. Kila mwaka siku ya Jana ikirudi, jamaa za marehemu hupanda mmoja mmoja wakapimiwa. Aliyefiwa na mgeni wa nchi ya mbali hupewa gunia zima la kimya, limeshonwa mdomo, bendera juu yake. Aliyefiwa na mkubwa wa ghorofani, pishi. Karani au mfagiaji wa humo ndani, kibaba. Aliyekuwa akipita njia tu, nusu kibaba, na hapo lazima nduguye aeleze marehemu alikuwa akienda wapi na kwa nini hakupita njia nyingine. Mtu amekufa, jamani, halafu aulizwe kwa nini hakupita njia nyingine!

Halafu kuna wale ambao Jukwaa halikuwaelewa. Hao hawapimiwi. Ndugu yangu Faki alikuwa wa hao.

Faki alikuwa muuza kahawa. Mkono mmoja dele, lile birika la kahawa, mkono mwingine vikombe, na chini ya dele kikarai chake cha makaa yanayowaka, kama wauza kahawa wote ulimwenguni ninaoujua mimi. Kila asubuhi alisimama kwenye kivuli cha jengo lile akiwanywesha walinzi. Jana alisimama palepale. Baadaye wakaja wachunguzi kutoka mbali, watu wanaokunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi, wakaokota dele. Wakaligeuza. Wakaona chuma, wakaona matundu, wakaona masizi na mahali pa moto, na aliyelibeba hakuwa na kazi yoyote ndani ya jengo. Wakaandika kwamba chombo hiki kinatia shaka. Wao siwalaumu sana. Hawajawahi kuliona dele, wangejuaje?

Ninaowalaumu ni wetu. Mji mzima ulikuwa umekunywa kwenye dele lile. Bwana Kitwana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikunywa vikombe viwili asubuhi ileile ya Jana na akaondoka akijilamba mdomo. Alipoitwa Jukwaani akaulizwa, "Unalijua dele hili?" unajua alijibu nini? Alijibu, "Madele yanafanana." Basi. Na waliomfuatia wakajibu hivyo hivyo, kwa sababu wakati ule kumjua mtu anayetiliwa shaka kulikuwa ni kutiliwa shaka. Mji uliopanga foleni kunywa ukapanga foleni kukana, na kosa hilo hakuna mgeni ambaye angeweza kutufanyia. Tulijifanyia wenyewe, kwa Kiswahili safi.

Na Bwana Kitwana huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye jamvi la matanga.

Hapo ndipo penye kero yangu. Matanga yakiwekwa kwetu, jamvi hutandikwa uwanjani mwa nyumba, watu hukaa na wafiwa, na hawainuki mpaka yaanuliwe: jamvi likung'utwe, uwanja ufagiwe, kila mtu arudi kwake. Lakini huwezi kuanua matanga ya mtu ambaye mji haujasema amekufa. Kwa hiyo majirani zangu walikaa siku ya Jana na hawajainuka. Wamezeekea hapo. Wengine wameoana hapo hapo, harusi ikapigwa kwa sauti ya chini. Ukiwauliza mbona hamuondoki, wanakwambia tutaondokaje, ni aibu. Kukaa kwenye jamvi la Faki wanaweza. Kusema dele lilikuwa la Faki hawawezi. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, au kwa asubuhi moja ndefu, sijui tena, na sijalipatia jibu: inakuwaje mtu anakulilia na kukukana kwa mdomo mmoja? Labda machozi ni rahisi kwa kuwa hayana maneno. Labda tunawapenda wafu wetu mradi wasituombe ushahidi.

Mwaka huu Bwana Kitwana aliniita. Miguu yake imekwisha, magoti yamekuwa mafundo.

"Bi Mwanasiti," akaniambia, "sisi tumechoka."

"Na mimi je? Mimi nimepumzika?"

"Usinielewe vibaya. Tunakuonea huruma. Lakini mwaka huu usipokuja na chochote, tunainuka wenyewe."

"Mnainuka matanga hayajaanuliwa?"

"Ndiyo hivyo. Liwalo na liwe."

Nilitaka kumpiga na kopo la maji. Unajua maana yake? Watu wakiinuka wenyewe, matanga yakavunjika bila kuanuliwa, marehemu huwa ametupwa. Hana dua ya mwisho, hana mtu atakayesema "alikuwepo." Faki angekuwa hakufa na hakuishi. Na nyumbani mle, jikoni, mke wake Mwajabu alikuwa akipika uji wa watu wale wote, kimya, kama alivyopika tangu Jana, na hakuna hata siku moja alipoulizwa anataka nini. Hata mimi sikumuuliza. Nilijitanda kanga yangu nikaenda Jukwaani nikiwa nimeapa sirudi mikono mitupu.

Pale mbele ya Jukwaa watu wameketi kwa daraja. Viti vya kitambaa mbele, viti vya plastiki katikati, mkeka nyuma, na nyuma ya mkeka kamba, na nyuma ya kamba ndiyo sisi. Ukikaa pale muda mrefu nyuso zinaanza kuteleza. Baba wa mlinzi anapata mdomo wa mlinzi. Mjane anacheka kicheko cha mumewe halafu anashtuka, anajiziba. Nami nilikuwa nikihisi joto mkono wa kulia, joto la makaa, na mtu mmoja akanipita akaniambia, "Nitilie kimoja," kisha akaona ni mimi, akageuza uso haraka akaenda zake.

Mama mmoja alitoka viti vya mbele akaja mpaka kwenye kamba. Nilimjua. Ni Mama Tabitha. Binti yake alikuwa mpokea simu ndani ya jengo, wa kupimiwa kibaba, lakini picha yake ilikuwa nzuri, ikabandikwa kila ukuta wa mji, basi akapandishwa hadi pishi. Ndiyo, hata kufa kunataka uso mzuri.

"Wewe ndiye dada wa yule mtu wa dele?" akaniuliza.

"Ana jina. Anaitwa Faki."

"Sawa, Faki. Nimesikia unataka achanganywe na wetu."

"Sitaki achanganywe. Nataka akumbukwe."

"Ni kulekule, mama. Mwanangu hakubeba moto kwenda kazini."

"Alibeba kahawa!"

"Wewe unajua ilikuwa kahawa. Mimi najua nini?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo lilinikata maini zaidi. "Niambie wewe ungefanyaje. Nimlaze mwanangu katika kimya kimoja na mtu nisiyemjua, kesho iseme vingine, nimwambie nini? Kwamba nilimlaza na aliyemuua?"

Ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningepumzika. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa amefiwa kama mimi, na msiba wake ulikuwa umekaa juu ya msiba wangu, mzito, na haujui kama kuna mtu chini.

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alishika kamba kwa mikono miwili.

"Kwani unadhani kimya ni kitamu?" akaniuliza. "Pishi langu limejaa vyumba vyote. Tabitha alikuwa mvivu, wallahi. Alikuwa akificha sufuria chafu chini ya kitanda mpaka zinaota ukungu, nami napiga kelele nyumba nzima inasikia. Nilisema hivyo mwaka juzi mbele ya wageni, wakanitazama kana kwamba nimemtukana Mungu. Sasa sisemi. Wamenitengenezea malaika pale ukutani, kila siku nampita, simjui."

Macho yake yalijaa. Nami, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma. Nilimwonea wivu. Nilisema moyoni, heri yako wewe uliyelemewa na kimya, mimi sina hata cha kulamba. Angalia mji ulivyotufanya. Wanawake wawili wa msiba mmoja, kamba katikati, kila mmoja anatamani balaa la mwenzake.

Wakaniita.

Nilipanda. Mpimaji wa mwaka huu ni kijana, suti imepigwa pasi, na adabu zake zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Karibu ukae. Mama, tumelitazama jambo lako kwa moyo mkunjufu. Shida yetu ni mikono."

"Mikono gani?"

"Ya marehemu. Tukimkumbuka ana chombo mkononi, watu watauliza chombo gani. Tukimkumbuka mikono mitupu, hakuna swali. Anakuwa mpita njia. Wapita njia wana nusu kibaba, lakini kwa subira yako nimekuombea kibaba kizima."

"Na dele?"

"Dele litabaki la mtu asiyejulikana."

"Lakini mimi namjua!"

"Ndiyo maana tunakuomba wewe, mama," akasema kwa upole. "Utasimama pale, utatamka mbele ya watu: ndugu yangu alikuwa akipita, mikono yake ilikuwa mitupu. Maneno hayo tu. Unaondoka na kibaba chako leo leo."

Hebu simama nami pale. Usikae huko kitini kwako ukanihukumu.

Mikono mitupu. Ni uongo mdogo. Hauui mtu, mtu ameshakufa. Dele lenyewe limefungiwa ghalani kwa Jukwaa, limeota kutu, litasikia nini? Lakini dele ndilo lililotusomesha. Lakini Bwana Kitwana na magoti yake. Lakini nikisema hapana, kesho uwanja mweupe, jamvi limeachwa wazi, kuku wanapita juu yake. Lakini nikisema ndiyo, nani atakuwa amekufa? Mtu aliyekuwa akipita. Kutoka wapi? Faki hakuwahi kupita mahali katika maisha yake. Faki alisimama, watu ndio waliopita. Lakini atatajwa. Jina lake litatoka katika vipaza sauti vya Jukwaa na mji wote utafunga mdomo. Si ndicho nilichokitaka? Nilitaka hiki au nilitaka nini? Mbona nimesahau nilichokitaka? Kumkumbuka mtu ni kumweka alivyokuwa au ni kumweka mahali? Nijibuni, nyie mliosoma. Mahali bila mtu, au mtu bila mahali? Na kwa nini nichague mimi, aliyelipua si mimi, aliyechunguza si mimi, aliyekana si mimi, kwa nini mwisho wa yote kinywa kinachotakiwa ni changu?

Nilisema.

"Ndugu yangu alikuwa akipita. Mikono yake ilikuwa mitupu."

Joto likanitoka mkononi papo hapo. Nilipotazama kiganja changu hakikuwa na mstari hata mmoja, kilikuwa laini tupu, na sikujua ni kiganja cha nani. Chini watu walinyamaza. Mji wote ulinyamaza: magari, kunguru, wauza maji. Mama Tabitha aliinamisha kichwa kama wengine. Mpimaji alichota, akasawazisha juu ya kibaba kwa kidole, akanimiminia kwenye pindo la kanga. Kimya ni baridi na hakina uzito. Nilifunga fundo, nikashuka, na watu wa viti vya mbele walinisogezea njia kwa heshima. Nilipenda heshima ile, sitakuficha. Nilitembea nayo hadi nyumbani shingo imesimama.

Nilifungua fundo katikati ya jamvi. Kimya kikaenea. Watoto wakaacha kucheza, wazee wakavua kofia, na Bwana Kitwana akalia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyefunguliwa mlango. Kisha akaomba dua, wakaitikia amina, na wakaanza kuinuka. Ungewaona! Walishikana mabega, wengine wakaanguka, wengine wakacheka kwa kuona tena mambo yalivyo ukiwa umesimama. Kila mmoja alinishika mkono. "Ahsante, Bi Mwanasiti. Umemstiri nduguyo." Jamvi likakung'utwa, vumbi la Jana likatimka likatuingia puani. Uwanja ukafagiwa kwa chelewa. Bwana Kitwana alikuwa wa mwisho kutoka, anajikongoja, na mlangoni aligeuka akasema, "Alikuwa na kahawa nzuri lakini." Alilisema mle ndani ya kimya, kwa sauti ndogo, kisha akaenda kwake. Nilitamani nimrushie kiatu.

Uwanja ukabaki mtupu. Nilikuwa nimeanua matanga ya ndugu yangu. Nilikaa kwenye kizingiti nikangoja nijisikie nafuu.

Mwajabu akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Wameondoka wote?" akaniuliza.

"Wameondoka. Yamekwisha, Mwajabu. Faki ametajwa. Mji wote umenyamaza kwa ajili yake, ungekuwepo ungelia."

"Wametaja kwamba alikuwa muuza kahawa?"

Nikakohoa.

"Umewaambia nini, wifi?"

Ningeweza kumdanganya na yeye pia. Siku ile nilikuwa nimeshaanza, kinywa kilikuwa kimelainika. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na ni mtu ambaye sijawahi kumuuliza lolote.

"Nimewaambia alikuwa akipita. Mikono mitupu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikunja ngumi ya kushoto akaifunua, kisha akaonyesha kwa kidole cha kulia, kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

"Makovu ya makaa yalikuwa kutoka hapa mpaka hapa," akasema. "Nilikuwa nikiyapaka mafuta ya nazi kila jioni akirudi. Yalikuwa yakimwasha. Mtu wa mikono mitupu mimi simjui, wifi. Hajawahi kulala katika nyumba hii."

"Mwajabu, watu walikuwa wanainuka. Ningefanya nini? Angetupwa!"

"Najua."

"Nimefanya kwa ajili yake!"

"Najua, wifi. Sijakulaumu."

Akaenda palipoegeshwa jamvi ukutani. Lilikuwa zito, limezoea watu wengi. Alilikokota peke yake hadi katikati ya uwanja uliofagiwa, akalifungua, akalinyoosha pembe moja kwa mguu, pembe nyingine kwa mkono. Akakaa, miguu upande, kanga kichwani, kama siku ya kwanza.

Nilivua viatu vyangu nikaja pembeni mwa jamvi, nikainua mguu ili nikae naye. Yeye akainua mkono, akanizuia bila hasira yoyote. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika jirani uliyeambiwa habari zake njiani.

"Pole kwa msiba wako, wifi," akaniambia. "Wa kwako mmeshamzika. Mimi wangu bado."